Kila mtu na furushi lake mezani

Ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, steji ya Voi hujaa mizigo. Watu waliotoka Mombasa na Nairobi, wengine wakiwa wameshuka katika treni ya SGR iliyoanza kusimama mjini humo mwaka 2017, hupigania viti vya matatu za kupanda milimani. Gari hupita Mwatate, kisha huanza kukata kona baada ya kona, masikio yakiziba na upepo ukizidi kuwa baridi, hadi Wundanyi. Juu ya keria kuna mchele, mitungi ya mafuta ya kupikia, mabati mawili matatu ya kuezekea jiko la mama, na jogoo aliyefungwa miguu.

Hayo ni mafurushi yanayoonekana. Yapo mengine ambayo makanga hawezi kuyatoza nauli. Kuna kijana aliyeachishwa kazi Mombasa mwezi wa Septemba na ambaye hadi leo hajamwambia mamake. Kuna binti ambaye ndoa yake imebaki jina tu. Kuna baba aliyeuza kipande cha shamba bila kushauriana na mtu, na shangazi aliyechomwa na maneno fulani katika matanga miaka minne iliyopita na ambaye tangu siku hiyo hutabasamu tu. Wote hawa watakaa katika sebule moja tarehe 25, sahani ya pilau ipitishwe, picha zipigwe, na kila mmoja aulizwe, "Habari za huko?" Naye atajibu, "Nzuri."

Je, msomaji wangu, umewahi kujibu hivyo? Basi filamu tunayoizungumzia Jumapili hii inakuhusu, ijapokuwa ilitengenezwa mbali sana na milima ya Taita.

Filamu yenyewe inaitwa The Humans. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto, nchini Kanada, Septemba 2021, na Novemba mwaka huo ikaanza kutazamwa na umma huko Marekani. Mwandishi na mwelekezi wake ni mtu mmoja, Stephen Karam. Kabla ya kuwa filamu, hadithi hii ilikuwa mchezo wa jukwaani alioutunga yeye mwenyewe. Mchezo huo uliigizwa Chicago mwaka 2014, ukafika Broadway katika jiji la New York mwaka 2016, na mwaka huo huo ukatwaa tuzo ya Tony ya mchezo bora. Kwa watu wa jukwaa wa Marekani, hakuna tuzo iliyo kubwa kuliko hiyo.

Wazazi wamfuata mtoto

Mzee Erik Blake na mkewe Deirdre ni wenyeji wa mji wa Scranton, jimbo la Pennsylvania. Ni Wakatoliki, watu wa kawaida, ambao kila mmoja wao alishikilia kazi moja miaka nenda miaka rudi. Wamefunga safari kwenda New York kwa ajili ya Siku ya Shukrani, sikukuu ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya Novemba. Kwao sikukuu hiyo ina uzito kama wa Krismasi yetu: bata mzinga huokwa, jamaa husafiri, na asiyefika huulizwa kulikoni.

Safari hii ni wazazi wanaomfuata mtoto. Binti mdogo, Brigid, amehamia nyumba ya kupanga katika mtaa wa Chinatown pamoja na Richard, mwanamume anayeishi naye bila ndoa. Dada mkubwa, Aimee, ambaye ni wakili, ametoka Philadelphia. Wazazi wamekuja na nyanya, mamake Erik, anayekaa kwenye kiti cha magurudumu na ambaye maradhi ya uzeeni yamemwondolea kumbukumbu. Mara hunung'unika maneno yasiyoeleweka, mara hulala, mara hupandwa na ghadhabu ambayo hakuna ajuaye imetoka wapi.

Nyumba ina orofa mbili zilizounganishwa na ngazi ya kujipinda, na ile ya chini haipati jua. Fanicha hazijafika. Kuta zimevimba kwa unyevu. Jirani wa juu hupiga vishindo vinavyowashtua wageni, na balbu zinaungua moja baada ya nyingine hadi watu wanakula katika nusu giza. Ukiingia katikati ya filamu unaweza kudhani ni hadithi ya mashetani. La hasha. Hakuna shetani wala maiti. Ni watu sita wanaokula chakula cha sikukuu.

Ukingoja mtu apigwe kofi, utangoja sana. Utakachokiona ni mizigo ikifunguliwa polepole. Aimee ameachwa na mpenzi wake wa kike, anaugua utumbo, na kazini amekwisha kudokezewa kwamba hana mustakabali. Brigid alisomea muziki, lakini ni kazi ya baa inayomlipia kodi, na deni la masomo bado linamkaba. Deirdre ametumikia ofisi moja tangu ujana wake, na sasa anapokea amri kutoka kwa vijana waliomshinda mshahara kwa kuwa tu wana vyeti ambavyo yeye hana. Kila mmoja anayataja haya kwa mzaha. Wengine wanacheka, na bakuli la viazi linasogezwa.

Sikio kwenye ngazi

Kuna tukio moja dogo ambalo halinitoki akilini. Deirdre ni mama wa kuwatumia wanawe barua pepe na ujumbe wa simu kila mara: habari za magazeti, maonyo, mambo ya dini, hata habari za sayansi asizozielewa vizuri. Mabinti hao wanamcheka kwa sababu ya barua hizo. Wanazungumza wakidhani mama yuko mbali, kumbe yupo kwenye ngazi na amesikia kila neno. Hasemi kitu. Anashuka na kuendelea na sherehe.

Ni mama wangapi wa Wundanyi, wa Kayole au wa Likoni wamewahi kusimama nje ya mlango wa jikoni na kuwasikia watoto wao waliosoma wakiucheka ujumbe waliotumiwa? Na ni wangapi waliosema?

Jayne Houdyshell ndiye aliyemwigiza Deirdre jukwaani, na kwa kazi hiyo alitunukiwa tuzo ya Tony mwaka 2016. Katika filamu amerudi katika nafasi hiyo hiyo, akizungukwa na waigizaji wapya: Richard Jenkins kama baba, Amy Schumer na Beanie Feldstein kama mabinti, Steven Yeun kama Richard, na June Squibb kama nyanya. Mtazame mama huyu anapotembea, jinsi anavyoshika ukuta na anavyokitazama kipande cha keki kabla ya kukiongeza. Bibi huyu hahitaji kulia ili umhurumie.

Wapenzi wa michezo ya kuigiza watauliza jinsi Karam alivyoutoa mchezo jukwaani. Kule jukwaani hadhira iliziona orofa zote mbili kwa wakati mmoja, kama mtu aliyeupasua ukuta wa nyumba kwa panga. Kamera haiwezi kufanya hivyo bila kuchosha. Basi Karam aliiweka mbali, mwisho wa ukumbi, au akaichungulisha kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Mara nyingi tunasikia sauti ya mtu tusiyemwona huku tukikodolea macho doa la ukutani. Mtazamaji anageuzwa kuwa yule jamaa aliyekwenda msalani akasikia asichopaswa kusikia. Wengine wameiona mbinu hiyo kuwa ya kuchosha, na kusema kweli nusu saa ya kwanza yahitaji subira. Lakini ndivyo siri za jamaa zinavyosikika: nusu nusu, kutoka chumba cha pili.

Furushi la baba

Sitakumalizia uhondo wote, lakini siwezi kuizungumzia filamu hii bila kuligusa furushi la baba. Erik amefanya kazi miaka 28 katika shule ya Kikatoliki. Kazi hiyo imekwisha. Alifutwa kwa sababu ya uhusiano wa nje ya ndoa na mwalimu wa shule hiyo, na pensheni ikaenda na kazi. Kiwanja walichokitunza kando ya ziwa, walichotarajia kujenga nyumba ya uzeeni, hakiko tena mikononi mwao. Mke anajua yote na wameyavuka wawili, kwa machungu. Mabinti hawajui lolote.

Wamekubaliana kwamba watoto waambiwe siku hii. Mara kwa mara mke anamtupia jicho: sema sasa. Mara kwa mara Erik anapata la kufanya. Anakagua dirisha, anauliza kishindo kimetoka wapi, anafungua kinywaji kingine. Anapofumbua kinywa hatimaye, chakula kimeisha, watu wamechoka, na gari la kuwarudisha nyumbani limekwisha kuitwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Erik hakuumbuliwa na kifo. Aliumbuliwa na saa ya ukutani.

Hapo ndipo nilipoelewa filamu hii inasema nini. Familia hii haivunjwi na kosa la baba peke yake, wala na umaskini, wala na ugonjwa wa nyanya. Wanapendana, na hilo linaonekana wazi wanapoimba pamoja na wanaposoma barua ambayo nyanya aliwaandikia wajukuu wakati akili yake ilikuwa bado timamu. Kasoro yao ni kwamba sikukuu yao ina mahali pa kuweka bata mzinga, mahali pa sala, mahali pa wimbo na mahali pa mzaha, lakini haina mahali pa kuweka uchungu. Kwa hiyo uchungu unajipachika popote: katika kejeli kuhusu unene wa mama, katika swali juu ya ndoa, katika sanamu ya Bikira Maria ambayo mama amemletea binti asiyeitaka.

Je, kusema ovyo ni dawa?

Msomaji anaweza kunijibu, "Basi watu waseme! Wayatoe yote!" Pole pole. Kuna filamu nyingine, nayo pia ilizaliwa jukwaani, inayotuonyesha yanayotokea watu wanaposema yote bila breki. Ni August: Osage County ya mwaka 2013, iliyotokana na mchezo wa Tracy Letts ulioigizwa kwanza Chicago mwaka 2007 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 2008. Humo jamaa wa Oklahoma wamekutana baada ya kumzika baba. Mama, anayeigizwa na Meryl Streep, ana saratani ya mdomo na amekuwa mtumwa wa vidonge. Anaizunguka meza kwa maneno tu, akimfichua huyu na kumdhalilisha yule, akisema anasema ukweli. Na ni ukweli! Lakini chakula hicho kinaishia sakafuni, binti mkubwa, Julia Roberts, akiwa amemkaba mamake ili ampokonye vidonge.

Hapo tuna familia mbili. Moja imefumba mdomo mpaka gari limefika. Nyingine imefumbua mdomo kama mtu anayerusha mawe. Hakuna iliyopona. Wanafunzi wa shule za upili nao wataikumbuka Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege iliyoingia katika orodha ya vitabu teule baada ya Kigogo. Humo kuna mama mgonjwa, mume aliyezoea chupa, na binti aliyeolewa mjini anayevutwa huku na wazazi na huku na mumewe. Meza ni ile ile, ila wanaokaa wamebadilika.

Wazee wa Taita walikuwa na njia

Sasa turudi milimani, maana Wundanyi ina la kuongeza katika mjadala huu, na pengine lina uzito kuliko yote yaliyosemwa Broadway.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa mila kutoka Marekani, Grace Harris, aliishi miongoni mwa Wadawida. Kitabu alichokitoa mwaka 1978 kuhusu dini ya jadi ya Taita, Casting Out Anger, kimebeba habari yake katika jina: kuitoa hasira nje. Aligundua kwamba kiini cha dini hiyo kilikuwa tendo moja linaloitwa kutasa. Mtu alichukua funda la pombe ya miwa, au maji ya miwa, au maji tu, akalipuliza nje kwa mdomo huku akitamka kwamba ameiondoa hasira moyoni mwake, na akiwaombea wenzake afya na baraka.

Kwa nini hasira? Kwa sababu iliaminika kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa jamaa wa karibu inaweza kumdhuru mwenzake hata kama mwenye hasira hataki. Mtoto akiugua au mambo yakienda kombo, mganga aliulizwa: ni moyo wa nani uliokasirika? Wa baba? Wa mjomba? Wa mama mkwe? Hata wafu walihesabiwa, maana waliaminika kuwa wanaweza kukasirika. Mafuvu ya wazee yalihifadhiwa katika mapango ya ukoo, na yapo mapango ya namna hiyo karibu na Wundanyi ambayo watu huyazuru hadi leo.

Si lazima uamini kwamba hasira ya shangazi humletea mtoto homa. Wengi wa wasomaji wangu ni Wakristo na Waislamu, na sitamwambia mtu apulize pombe sebuleni. Lakini hebu tazama hekima iliyomo ndani. Kwanza, ilichukuliwa kwamba hasira ndani ya ukoo ni jambo la kawaida. Hakuna aliyejifanya kwamba jamaa njema hawakasirikiani. Pili, mwenye hasira hakuambiwa, "Nyamaza, leo ni sikukuu." Aliulizwa. Alijulishwa kwamba moyo wake una uzito, na kwamba wengine hawatakuwa salama mpaka asikizwe. Tatu, alipokwisha kusema, hakuachwa akiendelea kurusha mawe kama yule mama wa Oklahoma. Kinywa kile kile kilichobeba uchungu kilitakiwa kutamka baraka, mbele ya mashahidi, na tendo likawa na mwisho.

Mpe Erik Blake nafasi kama hiyo. Angeketi na mabinti zake kabla bata mzinga hajaletwa. Wao wangetoa hasira yao, na wanayo haki nayo, maana baba amewadanganya. Kisha angekuwapo mtu wa kusema: sasa imetoka, tule. Labda wasingemaliza uchungu siku hiyo. Lakini Erik asingebaki peke yake gizani na balbu zilizoungua, kama tunavyomwacha mwishoni.

Kabla ya pilau

Kwa hivyo, msomaji, Krismasi hii ikikukuta kwenye kona za Mwatate ukielekea nyumbani, au ukiwapokea wazazi katika chumba chako Umoja, nakuomba uyafikirie machache.

Ikiwa wewe ndiwe mwenye habari nzito, usiingoje siku yenyewe. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani kabla, dada au mjomba unayemwamini, ili usiingie mlangoni ukiwa peke yako na furushi lako. Kijana aliyepoteza kazi na akakodi gari ili aonekane mambo ni shwari amejiongezea deni juu ya aibu, na Januari itamkuta na vyote viwili.

Ikiwa wewe ndiwe mzazi, mkubwa wa boma, tenga saa moja, usiku wa tarehe 24 au asubuhi ya tarehe 26, bila wageni wala majirani. Uliza swali ambalo si "Habari za huko?" Uliza, "Kuna aliye na neno moyoni juu yangu?" Swali hilo likitoka kwa mkubwa, wadogo hupata njia. Likitoka kwa mdogo huitwa utovu wa adabu. Na ukijibiwa, usijitetee papo hapo. Aliyekasirika amalize kwanza.

Na ikiwa wewe ndiwe mwenye hasira, kumbuka kwamba kazi haijaisha kwa kusema tu. Sema lililokuuma, lile moja, si yote ya tangu utotoni. Kisha tafuta neno jema la kufungia, hata kama ni dogo, ili watoto wanaosikiliza mlangoni wajue kwamba mambo yana mwisho.

Wazazi, angalizo: The Humans ni filamu ya watu wazima. Ina lugha kali na mazungumzo yasiyowafaa watoto wadogo. Itazameni wakubwa peke yenu, tena ikiwezekana kabla ya sikukuu, si baada ya chakula wakati kila mmoja ameshiba na kukasirika. Mwaliko wangu ni kwamba mkiisha kuitazama msiulizane kama mwisho wake ni mzuri. Ulizaneni kila mmoja angekuwa nani katika ile nyumba ya Chinatown.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda. Na wewe unayepanda Wundanyi, usisahau sweta. Huko juu Desemba haina urafiki na watu wa Mombasa.